Miezi sita ya kwanza kazini: sheria imlinde nani?

Mleta mada: Wakuu, tujadili kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004. Ukiwa hujatimiza miezi sita kwa mwajiri, huwezi kudai umeachishwa isivyo halali. Huku viwandani mtu anafanya miezi mitano, anaambiwa akapumzike wiki mbili, anarudi kwenye karatasi mpya. Kifutwe.

Mwenye karakana: Kifutwe halafu? Nina watu wanne. Kijana analeta vyeti safi, ukimwachia mashine ya kuchomelea ndipo unajua kama ni fundi. Kila atakayeshindwa akiniburuza CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, nitaajiri mashemeji tu.

Mleta mada: Na anayerudishwa kwenye karatasi mpya miaka mitatu, bado unamjaribu?

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi: Kifungu mmekisoma nusu. Miezi sita inahesabiwa kwa mwajiri yule yule, uwe na mkataba mmoja au mingi. Kubadilisha karatasi peke yake hakumwokoi mwajiri, ingawa atang'ang'ania kwamba hizo wiki mbili zilikatisha ajira. Na ubaguzi, wa ujauzito, dini, kabila, umekatazwa na kifungu cha 7 tangu siku ya kwanza.

Kinachowamaliza watu ni siku 30. Fomu ya CMA inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku hizo tangu kuachishwa. Mtu kaambiwa "tutakupigia", anakaa na simu mkononi, mwezi unakatika. Kuomba kuongezewa muda kupo, ila utatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa. Nani ataeleza kwamba alikuwa anasubiri kupigiwa?

Deiwaka: Karatasi zenyewe hatupewi, kaka. Tunasaini daftari la msimamizi, jioni hela mkononi. Nithibitishe na nini?

Mwakilishi: Kifungu cha 15: mwajiri asipoleta mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Lakini kwanza uonyeshe ulikuwa pale. Meseji za malipo, kitambulisho cha getini, michango ya NSSF kama ilipelekwa. Hata picha ya ratiba ya zamu, piga.

Mchangiaji, Nairobi: Ndugu zetu wa Bongo, sheria yetu ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima ahesabiwe kama wa mshahara wa mwezi. Lakini pita Industrial Area alfajiri uwaone wamejaa getini wakingoja kuchaguliwa.

Mwenye karakana: Barua ya ajira nitaandika, sina shida. Kijana akinishinda, notisi siku ngapi?

Mwakilishi: Mwezi wa kwanza, siku 7. Baada ya hapo, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa wa kutwa au wa wiki.

Mleta mada: Siku 4! Sasa unaona kwa nini kiwanda kizima kinalipwa kwa kutwa?