Mrejesho: pedi za kiunganishi cha pini zimekaa sawa

Niliuliza tundu na pedi (eneo la shaba la kulehemia pini) ziwe na ukubwa gani kwenye KiCad, programu ya kuchora bodi za saketi, kwa kiunganishi chenye pini zilizoachana milimita 2.54. Asanteni sana wakuu, imekubali! Jibu lilikuwa kwenye ulalo: pini ni ya mraba, upande milimita 0.64, hivyo kona hadi kona ni kama 0.9. Tundu nikaliweka 1.0, pedi 1.7, ikabaki pete ya shaba ya 0.35 kuzunguka tundu, na lehemu inashika vizuri mno. Pedi namba 1 nimeifanya ya mraba, ili pini ya kwanza itambulike. Kabla ya kuagiza bodi nilichapisha mchoro kwenye karatasi kwa kipimo halisi, nikachomeka pini. Mnaoanza, hatua hiyo msiiruke kabisa.