Naombeni ushauri: Ganymede au B683 kwa bwana harusi?

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anaoa Tanga mwezi ujao, nami nataka kumpelekea manukato ya Marc-Antoine Barrois, yule mshonaji Mfaransa wa suti za kiume za kupimwa. Nampenda kwa sababu hakukimbilia kutoa chupa kumi kwa mkupuo. Alianza na B683 mwaka 2016, kisha Ganymede mwaka 2019, zote zikitungwa na mtaalamu mmoja, Quentin Bisch. Unasikia kabisa mkono wa mtu anayejua vitambaa: ni harufu zilizokatwa vizuri.

Nimezijaribu zote mbili mkononi. B683 ni ngozi na viungo, pilipili manga na kungumanga, na hiyo naona mtu wa pwani ataielewa mara moja. Ganymede ndiyo iliyoniteka. Inaanza na chenza na zafarani, halafu inageuka kitu kama jiwe lililolowa maji ya bahari, na haitoki kwenye nguo hata siku ya pili. Nilivyoinusa shati asubuhi nilikaa chini.

Sasa wasiwasi wangu ni joto la Tanga. Aliyewahi kuivaa Ganymede kwenye jua kali na unyevu, haiwi kali mno ikaumiza watu vichwa? Na kwa kuwa kanzu yake lazima itafukizwa udi, vitapatana au vitagombana? Halafu, ya mililita 30 inatosha kwa zawadi, au nijibane ninunue ya 100?