Simu ya bei nafuu na bando kwa binti wa miaka 14, naombeni ushauri

mama_wawili

Wadau habari zenu, naombeni mawazo maana nimezunguka na hili jambo wiki ya tatu sasa. Binti yangu katimiza miaka 14 na kiukweli sioni namna ya kuendelea bila kumpa simu yake. Kila jioni anachukua yangu, anaingia kwenye grupu la darasa kuangalia kazi waliyopewa, anapiga picha daftari anawatumia wenzake, na siku nikichelewa kurudi ndo basi tena, kesho yake anaulizwa kwa nini hajafanya. Inaniuma kwa sababu kosa sio lake.

Hela niliyotenga ni ndogo na sitaki kununua kitu ambacho baada ya miezi 8 kinaanza kuganda. Nikiingia dukani kila simu naambiwa nzuri, kamera kali, betri inakaa, RAM kubwa, natoka sijui hata nishike lipi. Nichukue mpya ya bei ya chini au iliyotumika ila ya daraja la juu? Na upande wa laini, bando la wiki, la mwezi, au hii ya kulipa mwisho wa mwezi? Halafu jambo linaloninyima usingizi kabisa, nataka awe salama huko mtandaoni ila sitaki ahisi namchunguza kila anapogusa kioo, ni mtoto muelewa na tunaongea vizuri. Wenye watoto wa umri huu mmefanyaje?

fundi_wa_vioo

Dada pole na hongera pia, umeuliza kabla ya kununua, wengi wanakuja kwangu wakiwa wameshanunua. Mimi natengeneza simu mwaka wa 11 huu na za wanafunzi ndo zinajaa mezani. Zinaletwa na vitu viwili tu, kioo kupasuka na memori kujaa. Sijawahi kuletewa simu ya mwanafunzi kwa sababu kamera yake ina megapikseli chache, kwahiyo akianza kukuimbia kamera wewe mrudishe kwenye memori.

Ya GB 32 usichukue hata upunguziwe bei. Mfumo wenyewe na programu inazokuja nazo zinakula zaidi ya GB 10 kabla mtoto hajapiga picha hata moja, ongeza WhatsApp na mapicha ya magrupu, miezi michache tu simu inakataa hata kupokea apudeti. Anzia GB 64, ukipata 128 shukuru. RAM, yaani memori ya kufanyia kazi programu zilizo wazi, iwe GB 4 halisi. Nasema halisi kwa sababu siku hizi boksi linaandikwa 8GB kwa herufi kubwaaa halafu pembeni kidogo unakuta 4+4. Ile 4 ya pili sio RAM, ni kipande cha memori ya kuhifadhia ambacho simu inakiazima, na memori hiyo iko taratibu sana ukiilinganisha na RAM yenyewe. Za RAM 2 mara nyingi zinakuja na Android Go, toleo jepesi la simu dogo dogo, kwa mtu wa kupiga na kusoma meseji linafaa, ila mwanafunzi aliyefungua WhatsApp, kamera na kitabu cha PDF kwa mpigo litamchosha.

Kitu ambacho wateja hawaulizi kabisa ni apudeti za usalama zitakuja kwa miaka mingapi. Hapo ndo simu mbili za bei zinazokaribiana zinaachana. Mfano Samsung Galaxy A16 ya 2024 ni simu ya daraja la chini lakini waliiahidia miaka 6, na zipo nyingine za kundi hilohilo zenye ahadi ya miaka miwili au hazina ahadi yoyote. Na hiyo miaka huwa inaanza kuhesabiwa simu ilipotoka, sio siku uliyonunua wewe, kwahiyo simu "mpya" iliyokaa kwenye kabati la duka miaka miwili imeshapoteza miwili.

Na ubakize hela ya kava na protekta, viwekwe hapohapo kabla simu haijatoka dukani, sio mwisho wa mwezi.

baba_mapacha

Mimi nina wawili wa miaka 15 kwahiyo kila kosa nimelifanya mara mbili kwa wakati mmoja. Upande wa laini nakushauri usianze na ya kulipa mwisho wa mwezi. Sio kwamba ni mbaya, ila mtoto bado hajajua data inaisha vipi, na bili inapokuja imeshakuwa bili. Ya kulipia kabla ikiisha imeisha, mnakaa mnaongea.

Niliwanunulia bando la mwezi kwa sababu ukipiga hesabu ya kila GB linakuja rahisi zaidi. Siku ya 6 wote wawili wamemaliza. Nikawahamishia la wiki, GB zikawa chache na hela ikazidi kidogo lakini wakaanza kupanga, Jumatano unamsikia mmoja anamwambia mwenzake zima video hiyo. Baada ya miezi minne nikawarudisha kwenye la mwezi na likafika. Kwahiyo kwangu la wiki lilikuwa darasa, sio mpango wa kudumu.

Kabla ya kuchagua ukubwa wa bando, pima. Kwenye simu yako ingia setingi sehemu ya mtandao, Android inakuonyesha kila programu imekula kiasi gani. Utashangaa, meseji hazili kitu, mlaji ni video. Video ya ubora wa juu inaweza kufika mpaka GB 3 kwa saa, ukishusha ubora ikawa wa kawaida unakuwa kwenye GB 1 kushuka chini. Hilo peke yake linabadilisha bando gani ununue. Halafu washa Kiokoa Data, na kwenye WhatsApp ingia Hifadhi na data uzime upakuaji otomatiki, grupu moja la watu 60 linalotumiana video linaweza kumaliza bando la mtoto akiwa kalala. Apudeti za programu zisubiri waifai.

Kingine, waulize kampuni ya laini bando likiisha data inakata au inaanza kula salio la kawaida. Kama inakula salio waambie wazuie. Na zile meseji za kujiunga na huduma za kulipia zuia pia, vijana wanabonyeza bila kusoma.

dogo_mkubwa

Shikamoo wakubwa. Mimi nina miaka 19 naomba niseme upande wetu. Nikiwa na umri wa huyo binti nilipewa kitochi, wazazi walikuwa na nia nzuri kabisa, lakini darasa zima lilikuwa WhatsApp na mimi nikawa najua mambo wakati yameshapita, mtihani umesogezwa siku mbele mimi ndo najua asubuhi getini. Siwalaumu ila nakumbuka ile hali ya kuuliza uliza kila siku mpaka unaona aibu. Kwahiyo mama usije ukashauriwa umpe kitochi chenye intaneti kidogo ukaona umetatua, zile simu za batani zenye KaiOS zenyewe WhatsApp imeshaacha kufanya kazi tangu 2025.

Lingine ambalo wazazi hawalijui ni hotspoti, yaani kuwagawia wengine intaneti ya bando lako. Ukiwa na bando unaombwa na watu 10, na kukataa kwa rafiki ni kugumu ukiwa na miaka 14, bando linaisha halafu nyumbani unaonekana mtumiaji mbaya. Mpe sababu ya kukataa, mwambie aseme mama kaniwekea kiwango, na kweli uweke kiwango kwenye simu, hapo atakuwa hasemi uongo na hagombani na mtu.

mama_wawili

Marahaba mwanangu, umenigusa sana hapo kwenye kuuliza uliza, ndicho kinachompata huyu wangu sasa hivi.

Fundi, kuna dada kazini anauza simu yake kaitumia miaka miwili, RAM 6 na GB 128, bei inalingana na ile mpya ya RAM 4. Roho inavutwa huko lakini naogopa. Nikikaa nayo dakika 20 niangalie nini?

fundi_wa_vioo

Dakika 20 zinatosha. Kwanza piga *#06# zitatokea namba za IMEI, yaani za kuitambulisha simu, kila moja tarakimu 15, zilingane na za kwenye boksi, kama boksi halipo muulize lilipo. Mtu unayemjua ni afadhali zaidi kuliko mtu wa barabarani, kesho unamkuta kazini.

Pili, na hili usilegeze hata akiwa rafiki yako, afute akaunti yake ya Google mwenyewe mbele yako kisha airudishe simu upya kutoka ndani ya setingi, na muiwashe mpaka ikubali akaunti yako. Akiifuta kwa batani za pembeni bila kutoa akaunti, ikiwaka itadai nywila ya mwenye simu wa zamani, kufuli hilo lipo tangu Android 5.1 ya 2015. Kwenye iPhone ni vilevile, iCloud yake itoke kabisa, na afya ya betri (sio chaji iliyomo) iangalie kwenye setingi, ikiwa chini ya asilimia 80 ujue unakwenda kununua betri.

Kisha weka laini yako piga simu, sikiliza spika na wao wakusikie, shika ikoni moja uiburute kioo kizima pole pole, ikidondoka sehemu ileile kila mara kioo kina sehemu iliyokufa. Chomeka chaja utikise waya kidogo, isikate. Iwe inashika 4G kwenye laini atakayotumia mtoto, nchi nyingi zinazima 3G. Na angalia tarehe ya apudeti ya usalama ya mwisho, kama ni ya mwaka juzi basi hiyo simu imeshaachwa na walioitengeneza, RAM 6 isikudanganye, chukua ile mpya ya 4.

mwl_wa_jioni

Nafundisha watoto wa umri huo, nijibu lile la usalama maana naona limerukwa. Dada, kabla ya programu yoyote ya ulinzi, akaunti zifunguliwe na mwaka wa kuzaliwa wa kweli. Watoto wengi wanaongeza miaka ili wakubaliwe, na hapo wanajivua ulinzi bila kujua. TikTok tangu 2023 inamwekea aliye chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, Instagram tangu 2024 ina akaunti za vijana ambazo zinaanza zikiwa za faragha na watu asiowafahamu hawawezi kumtumia meseji, lakini aliyeandika kazaliwa miaka 25 iliyopita vyote hivyo havimhusu.

Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, haina gharama, unaweza kuweka saa ya simu kujifunga usiku na kuidhinisha programu mpya. Muwashe pamoja, aone unachokiona wewe, hapo haitakuwa uchunguzi wa siri. Kwenye WhatsApp weka wanaoweza kumuongeza kwenye magrupu wawe watu aliowahifadhi tu, weka na uthibitishaji wa hatua mbili (namba ya siri ya ziada), na umfundishe zile namba 6 za kufungulia akaunti zinazokuja kwa meseji hampi mtu yeyote hata akijiita mwalimu. Na muahidi hivi, ukikutana na kitu kibaya ukaja kuniambia, simu sikunyang'anyi. Watoto walionifuata mimi na matatizo mazito walikuwa wameyakalia miezi kwa kuogopa hilo tu.

mama_wawili

Nimerudi. Ile ya kazini niliiangalia jana, kila kitu kizima ila apudeti ya usalama ya mwisho ina miezi 19, nikamwambia dada yule asante. Tumechukua mpya, 4 na 128, kava na protekta zimewekwa palepale dukani. Bando tumeanza la wiki, data ikiisha inakata. Mwaka wa kuzaliwa kauandika mwenyewe nikiwa pembeni, na ile ahadi ya kutomnyang'anya nimempa, akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Mwl, saa ya kujifunga usiku tumebishania, yeye anataka saa nne mimi saa tatu, tumeanza na tatu na nusu mpaka mwisho wa mwezi.