Msumeno wa waya au wa betri kwa kazi za kupaua?

FundiIhumwa: Wakuu habari, nafanya kazi za kenchi (fremu za mbao za paa) huku Ihumwa, Dodoma, na saiti nyingi umeme haujavutwa bado. Nataka kununua msumeno wa duara wa mkono, nichukue wa waya au wa betri? Mbao zangu ni za inchi 2x4 na 2x6 za paini, mara chache napasua mninga, ule mti mgumu.

Mbao_Dom: Mninga ndo unaamua mkuu. Betri ya volti 18 yenye 5Ah (ampea-saa 5) imebeba kama wati-saa 90 tu, sasa ukipasua mninga mkavu mashine inavuta wati 1000 hivi hiyo ni dakika 5 za mzigo umekwisha, unakaa unasubiri chaji. Wa waya wa wati 1400, ukipata umeme, unakata kutwa nzima.

Kenchi Juu: Sawa ila jamaa anakata paini na yuko juu ya kenchi, ekstensheni inaning'inia hadi chini kila ukigeuka inanasa kwenye msumari, mi siipendi kabisa hiyo ni hatari. Betri mbili zinatosha, moja inakata nyingine inachaji.

Mbao_Dom: Hapo kwenye hatari nakuunga mkono. Basi anunue wa betri wa kupanda nao, mninga akapasulie karakana. Na ukitumia waya mrefu usichukue ule mwembamba wa redio, umeme unapungua njiani mota inaungua, weka wa 2.5, yaani milimita 2.5 za mraba.

FundiIhumwa: Asanteni sana, naanza na wa betri. Meno mangapi kwa paini?

Kenchi Juu: 24 inatosha.