Binti wa Ohio na masomo ya afya Uingereza: udaktari, uuguzi, au abaki huku?

MamaZuhura
Habarini za humu. Binti yangu kazaliwa hapa Columbus, yuko darasa la 11, na ameshikilia lazima akasome Uingereza. Anapima udaktari, uuguzi, au abaki huku: koleji miaka 4, ndipo aombe chuo cha udaktari miaka 4 mingine. Baba yake anasema Uingereza ni njia ya mkato. Kweli?

MtuWaLeeds
Mkato upo: miaka 5 au 6 tangu sekondari, basi. Kitakachowaponza ni kalenda. Maombi ya udaktari kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo Uingereza, yanafungwa 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo, na UCAT, mtihani wa kuombea udaktari, awe ameshaufanya kufikia Septemba. Udaktari anaruhusiwa kuomba vyuo 4 tu. Nafasi ya 5 aweke kozi nyingine. AP, yaani ile mitihani ya ngazi ya koleji mnayofanyia sekondari huko, ya Kemia na Biolojia apate 5, alama ya juu kabisa. Na ile insha yenu ya kuombea koleji za Marekani, ya bibi alivyonilea, aiache Ohio. Siku hizi UCAS wanauliza maswali 3, wanataka kujua kwa nini kozi hii na umejiandaaje.

KakaHouston
Mzee wa Leeds, mbona pesa umeziruka? Vyuo vingi mgeni analipa zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka kusomea udaktari. Bado pauni 776 kila mwaka za huduma ya afya, zinazolipwa kabisa wakati wa kuomba viza. Pell Grant, ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani, haivuki bahari. Mikopo ya serikali kuna vyuo inakubalika, ila kozi za udaktari na uuguzi mara nyingi zimeenguliwa. Waandikie chuo barua pepe, wajibu kwa maandishi.

NesiMpole
Shikamoo mama Zuhura. Mimi nimesoma uuguzi Uingereza, miaka 3, saa 2,300 za mazoezi wodini. Ni kozi nzuri, sijutii. Lakini kule unachagua tawi siku ya kwanza: watu wazima, watoto, afya ya akili au ulemavu wa kujifunza. Nilichagua watu wazima. Nilipohamia Marekani, kabla hata ya kukalia NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, jimbo likanirudishia karatasi yenye safu za saa nilizosomea kila eneo. Watu wazima imejaa mpaka pembeni. Uzazi, saa chache. Watoto, chache. Nikarudi darasani na mimba ya miezi sita, nikasomea uzazi pamoja na vitoto vya miaka 19.

MtuWaLeeds
😂 Pole dada. Hilo sikulijua.

KakaHouston
Na daktari naye asijidanganye. Hata akiwa na pasipoti ya Marekani, akirudi anahesabiwa amesomea nje: cheti cha ECFMG, wanaokagua madaktari waliosomea nje, mitihani ya USMLE ya leseni ya udaktari, halafu agombanie nafasi ya mafunzo hospitalini.

MamaZuhura
Marahaba mwanangu, asante. Jana usiku nimemuuliza: ukimaliza utafanya kazi wapi? Akanijibu, "Hapahapa, karibu na wewe." Basi uuguzi wa Uingereza nimeufuta, atasoma hapa. Udaktari bado tunavutana na baba yake. Nimempa karatasi, apige hesabu ya hizo pauni mara miaka 5 kwa mkono wake. Yuko jikoni, kimya.