Kikundi cha familia "Nyumba ya Bibi": mashine ya gemu ya Bububu

*Ijumaa*

Salum: Assalaam alaykum nyote. Ami shikamoo. Ile mashine ya gemu ya kusimama, ya kutia sarafu, nshaipata. Iko Bububu, ilikuwa nyumba ya wageni. Mwenyewe anataka laki tisa. Nataka nimtumie nusu leo asije akamuuzia mwengine.

Ami Khamis: Wa alaykum salaam. Marahaba mwanangu. Usitume hata shilingi. Ushaiona ikiwaka?

Salum: Kanitumia video. Picha safi kabisa.

Ami Khamis: Video ya muda gani?

Salum: Kama sekunde 20

Ami Khamis: Sasa skiza. Mle ndani mna kioo cha chogo kama tivii zetu za zamani, na mie hizo nimezitengeneza hapa Wete, Pemba, mpaka macho yakachoka. Chogo bovu likiwa baridi linakupa picha nzuri. Likishapata moto ndio picha inasinyaa pembeni au rangi moja inapotea. Nenda mwenyewe, ikae imewashwa saa nzima na wewe upo. Ukifika tu gusa mgongo wake. Ukiukuta una moto, kaiwasha kabla hujaja, ngoja ipoe muanze upya.

Da Maryam: Ami, itawekwa uani na watoto wa mtaa mzima watakuja pekupeku. Mie roho yangu iko kwenye umeme kuliko hiyo picha.

Ami Khamis: Umesema la maana Maryam. Salum, kesho chukua tochi, bisibisi na ile mita yangu niliyokuachia.

*Jumamosi*

Salum: Nshafika. Mgongo baridi. Nyuma pana kibandiko: AC 100V, wati 120. Bodi, ile sakiti yenye gemu yenyewe, ni Street Fighter II, gemu ya ngumi na mateke ya kampuni ya Capcom ya 1991.

Ami Khamis: 100V ni umeme wa Japani. Ukiichomeka kwenye soketi zetu za 230 unaiunguza palepale. Ana transfoma ya kuteremshia?

Salum: Anayo, imeandikwa wati 300.

Ami Khamis: Inatosha. Isiwashwe bado. Mulika kioo kikiwa kimezima. Unaona kivuli cha maandishi?

Salum: Kipo! Juu, pale pa kuhesabia pointi. Hafifu lakini kinasomeka.

Ami Khamis: Hicho hakitoki tena. Kimechomwa na picha iliyosimama pale pale miaka. Gemu itachezeka, ila kitaje kwenye bei. Chini je? Bububu upepo wote ni wa bahari.

Salum: Kona ya kushoto chipbodi imevimba, bisibisi inazama. Mchwa sijaona. Naomba afungue mlango wa nyuma?

Ami Khamis: Afungue, na wewe MIKONO NYUMA. Ile kofia ya mpira iliyobandikwa ubavuni mwa chogo na waya wake mnene inabeba volti 20,000 na zaidi, na umeme hubaki hata ukichomoa plagi. Nimeona fundi mzima akirushwa ukutani. Tazama tu kapasita, vile vikopo vidogo kwenye bodi. Vimefura kichwani? Vimevuja?

Salum: Viwili vimefura, karibu na chogo.

Ami Khamis: Hivyo vinabadilishwa, si ghali. Iwasheni.

Da Maryam: Salum usiguse kitu mwanangu

*Saa moja baadaye*

Salum: Picha imesinyaa kidogo pembeni kama ulivyosema Ami. Rangi zote zipo. Mita kwenye bodi ya gemu inasoma volti 4.7

Ami Khamis: Inatakiwa 5. Ikipungua hivyo gemu hujizima na kujiwasha katikati ya mchezo. Kwenye pawa saplai huwa na skrubu ndogo ya kupandishia, nitakuja kuizungusha mie. Vitufe?

Salum: Ngumi zote tatu zinapiga. Mateke hayapigi hata moja, pande zote mbili!

Ami Khamis: Pande zote mbili? Basi si vitufe. Mateke ya gemu ile yanapita kwenye waya wake wa ziada. Muulize mwenyewe.

Salum: Waya huo kautoa yeye, yumo kabatini. Kauchomeka. Yanapiga!! Tundu la sarafu ni la yen 100, shilingi zetu hazipiti.

Ami Khamis: Afadhali, watoto watacheza bure. Sasa la Maryam. Plagi ina miguu mingapi?

Salum: Miwili. Pana waya wa kijani unaning'inia tu, haujafungwa popote.

Da Maryam: Ndio hilo nililokuwa naliogopa. Ule mlango wa bati mtoto ataushika na miguu yake iko majini.

Ami Khamis: Waya huo ni wa ardhi. Mashine isiwashwe nyumbani mpaka niufunge kwa mkono wangu na nipime na mita. Mpe laki tano na nusu, transfoma ndani yake. Mtajie kivuli, kona, vikopo. Mtajie kwa adabu.

Salum: Kakubali laki sita. Nalipa?

Ami Khamis: Lipa. Mwenye kirikuu aisimamishe wima, aifunge kamba, asiilaze. Mie nakuja na boti ya Jumatatu inshaallah.