Tupeane uzoefu: kushusha kimo cha nyuma cha kichwa chenye baluni za upepo

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliokwisha kushusha kimo cha nyuma cha kichwa cha semi (gari linalovuta tela) kwa kubadilisha baluni za upepo, yaani mifuko ya mpira yenye upepo inayobeba gari badala ya springi za chuma. Suala hili husikika sana katika gereji za Tabata na Vingunguti, hasa kwa wenye Scania, DAF na Volvo zilizoletwa zikiwa zimetumika Ulaya, na jibu la haraka huwa ni kwamba irekebishwe rodi ya valvu inayopima kimo, gari litashuka. Litashuka kweli, lakini baluni ile ile itakuwa inafanya kazi katika kimo ambacho haikutengenezewa, na shokapu zitakuwa zimejikunja karibu na mwisho wake kabla gari halijakutana na shimo lolote.

Kwa upande wangu, tela langu lina ekseli tatu zenye springi za chuma, na pua yake (upande wa mbele unaokaa juu ya kichwa) ilikuwa imeinuka, hivyo ekseli ya mwisho ilibanwa kuliko ya kwanza na tairi zake zikawa zinawahi kuisha. Niliegesha gari likiwa na mzigo kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, nikaweka pima maji juu ya fremu ya tela, kisha nikapima kimo kutoka chini hadi kwenye sahani inayobeba tela. Nashauri kila mtu aanzie hapo, kwa sababu wapo wanaoshusha kwa kukadiria kwa macho, na wapo wanaoshusha kwa ajili ya urembo tu, jambo ambalo silikatazi ila silo ninaloliuliza. Baada ya kipimo nilifunga baluni fupi, vikalio vyake (vyuma vinavyozishikilia) na shokapu fupi, vyote vya seti moja, na tela sasa limekaa sawa. Mwenye uzoefu mwingine, uwe mzuri au mchungu, aueleze.

Dereva wa njia ya Tunduma

Mkuu, mimi naendesha kichwa ambacho tajiri alikibadilishia baluni, na jambo ambalo hakuna fundi aliyetuambia linahusu geji. Kuna geji inayoonyesha upepo uliomo ndani ya baluni, nasi madereva huitumia kukadiria uzito kabla ya kufika mizani ya Vigwaza. Kwa kuizoea, nilikuwa najua mshale ukisimama wapi ekseli mbili za nyuma zimekaribia tani 18 zinazoruhusiwa. Baluni mpya zilikuwa nyembamba kuliko za mwanzo, na baluni yenye eneo dogo huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi ili ibebe uzito ule ule. Eneo likipungua kwa asilimia 10, mgandamizo hupanda kwa takriban asilimia 11. Kwa hiyo mshale ulipanda ilhali mzigo haukuongezeka. Ilitubidi tupime gari likiwa na mzigo kwenye mizani kabla ya safari, kisha tuweke alama mpya kwenye geji. Anayebadilisha baluni bila kumweleza dereva anamwondolea kipimo chake cha barabarani.

Fundi, Vingunguti

Aliyosema dereva yana upande wa pili ambao ni wa hatari zaidi. Katika vichwa vingi vya Ulaya visivyo na breki za kielektroniki, valvu inayopunguza au kuongeza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo husoma mgandamizo wa baluni hizo hizo. Ukifunga baluni zenye eneo dogo zaidi, valvu huamini kwamba gari limebeba mzigo usiokuwepo, na breki za nyuma hushika kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo gari likiwa tupu na barabara ikiwa na maji huweza kufanya tairi zisimame na kuteleza. Valvu hiyo ni lazima irekebishwe upya kwa kufuata namba za baluni mpya.

Jambo la pili ni propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Ekseli inapobadilisha kimo chake ukilinganisha na chasisi, pembe za krosi, yaani viungo vinavyopinda vya shafti hiyo, nazo hubadilika. Kanuni tunayoifuata ni kwamba pembe ya kila krosi isizidi nyuzi 3 hivi, na pembe za mbele na nyuma zilingane, tofauti yake isizidi nyuzi 1. Gari la difu mbili lina propela fupi kati ya difu na difu, nayo ndiyo huanza kulalamika. Mteja mmoja alikuja akiwa amekwisha kubadilishiwa krosi mara kadhaa kwingine, kila mara akiambiwa kwamba spea ni feki, wakati tatizo lilikuwa pembe ya difu baada ya gari kushushwa. Tulirekebisha urefu wa rodi zinazoshika ekseli, mtetemo ukaisha.

Taa za mbele pia hutazama juu nyuma ikishuka, na usukani huongezeka uzito kidogo. Na wanaofanya kazi hii wenyewe, nawasihi: chasisi ikae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake, na upepo utolewe wote kabla ya kulegeza boliti yoyote ya baluni.

Mmiliki, Kurasini

Mimi nilitaka kushusha kwa sababu kichwa kilikuwa kinashindwa kuingia chini ya tela moja lenye kimo kifupi. Fundi mwenye busara alinionyesha rimoti iliyokuwa kando ya kiti tangu gari linunuliwe: unatoa upepo, unaingia chini ya tela, kisha unarudisha kimo cha kawaida kabla ya kuondoka. Sikununua kitu.

Mchangiaji wa Mbezi

Vipi kuhusu kubadilisha tairi badala ya baluni?

Fundi, Vingunguti

Inawezekana, mkuu. Tairi ya 315/80 R22.5 ina kipenyo cha mita 1.08 hivi na ya 315/60 ni 0.95, kwa hiyo ekseli hushuka kama sentimita 6 bila pembe za krosi kuguswa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, spidomita itadanganya mpaka irekebishwe, na ukipata pancha njiani, tairi ya 315/80 utaikuta kwa urahisi kuliko hiyo fupi.

Mwanzisha mada

Nashukuru. Naongeza moja kwa wenye matela marefu: pua ikishuka, miguu ya tela nayo inakaribia ardhi. Pimeni nafasi iliyobaki mkiwa na mzigo, kisha mpite taratibu kwenye matuta makubwa mnayoyafahamu, mtu mmoja akitazama kutoka nje. Fundi, hizo boliti za vikalio zikazwe tena baada ya mwendo gani?

Fundi, Vingunguti

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, mkuu, kabla ya kupakia ya pili. Hapo hapo kagua kama kuna baluni inayogusa chasisi au bomba la breki.